Baiskeli Si Sweta

Hapa kwetu Naro Moru mtoto akiingia sekondari hununuliwa sweta kubwa na kuambiwa, "Utakua tu!" Sweta haina neno, mikono hukunjwa. Je, baiskeli nayo hukunjwa?

Baiskeli iliyozoeleka huku ni Black Mamba, yenye magurudumu ya inchi 28 na chuma kirefu cha juu. Hiyo ni ya mtu mzima, abebe magunia ya viazi. Mdogo wangu, asiyefika kifuani mwa baba, aliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya chuma, mwili wote umepinda upande. Siku moja, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, breki zilishika vizuri kabisa, lakini mguu wake haukufika chini. Akavunjika mkono, akakosa mitihani.

Watu wakasema ni utundu. Mimi nakataa katakata! Panua miguu, chuma kiwe katikati, nyayo zote chini: kikikugusa, hiyo si yako. Kisha keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Kiti kikiwa juu, fundi hulegeza nati kwa spana akakishusha, dakika mbili tu. Fremu haishuki hata umlipe nini.

Sasa baba anataka kununua nyingine, kubwa vilevile, eti imfae hadi amalize sekondari. Nimemwomba aende na mtoto dukani, aipande kwanza. Bado tunabishana.