HUDUMA YA KWANZA IFUNDISHWE SHULENI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mie sikatai, lakini hawakusema kwamba ajali haina msaada. Maoni yangu ni kuwa kila mwanafunzi wa sekondari hapa Kwale afundishwe jinsi ya kumrudishia pumzi mtu aliyezama.

Ndugu msomaji, sisi ni watu wa maji. Kutoka Diani, Gazi na Msambweni hadi Shimoni na Vanga, wazee wetu ni wavuvi, kaka zetu huwatembeza wageni kwa mashua, na watoto hushinda pwani wakiogelea. Wengi wetu tukienda Mombasa twavuka kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272, na nchi nzima ikalia. Lakini wengine huzama mmoja mmoja, wala hakuna redio inayowatangaza.

Mwaka jana niliona kijana akitolewa baharini. Watu walijaa pomoni. Huyu asema mshikeni miguu, kichwa kiwe chini. Yule asema mkandeni tumbo maji yatoke. Mwingine ati leteni kitunguu anuse. Dakika zikapita bure, na gari lilipopatikana alikuwa amekwisha kufa.

Aliyezama amekosa hewa. Ikiwa hapumui, apuliziwe pumzi kwanza, kisha abonyezwe kwa nguvu katikati ya kifua mara 30, apuliziwe tena mara 2, na kuendelea hivyo bila kusita. Kasi ya kubonyeza iwe mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wakati huo mwenzako akimbilie gari. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika chache tu huanza kuharibika, na hakuna gari litokalo Vanga likafika hospitali ya Msambweni kwa dakika chache.

Elimu hii si ngeni. Denmark iliifanya lazima shuleni mwaka 2005. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo kwamba watoto wafundishwe saa 2 kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Hebu niambieni, saa 2 ndizo zitakazotuangusha mtihani?

Najua wapo wazazi watakaouliza, vipi mvulana amguse msichana kifuani? Jawabu ni rahisi. Tujifunze kwa sanamu, wasichana na mwalimu wa kike, wavulana na wa kiume. Na siku ya siku, sijasikia dini inayokataza kuokoa roho. Kuhusu wakufunzi, Msalaba Mwekundu wa Kenya upo tangu 1965, na kutoa huduma ya kwanza ndiyo kazi yake. Tuwaalike.

Walimu wetu wapendwa, tutengeeni alasiri moja ya michezo kila muhula. Wenzetu wa bweni wakifundishwa, elimu hulala nao shuleni. Sisi wa kutwa twarudi nyumbani kila jioni, saa zilezile wavuvi wanapotoka na watoto wako majini. Tufundisheni leo, na jioni hiyohiyo kutakuwa na mtu pwani anayejua la kufanya.