Neno la Mhariri: Plastiki Mwilini, na Umbo Lake

Wanawake wengi wa nchi zetu waliotiwa vijiti vya kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono hawana habari kwamba siku ya kuvitoa, miaka mitatu au mitano baadaye, muuguzi aghalabu atalazimika kuchana kwa ncha ya kisu utando mwembamba uliokizunguka kila kijiti, utando ambao hakuutia mtengenezaji wala tabibu, bali mwili wenyewe umeufuma. Makala za toleo hili zinahusu chembe za mwili zinazoufuma utando huo.

Husemwa sana kwamba plastiki za tiba ni vitu baridi, na kwamba mwili huzipuuza. Dhana hiyo haina ithibati. Mara tu polima, yaani plastiki, inapogusana na damu, kabla ya chembe yoyote ya kinga kuwasili, protini za damu, albumini na faibrinojeni miongoni mwazo, huwa zimekwisha kuivika, hata chembe zinapofika hukuta vazi hilo, si plastiki yenyewe. Hutangulia nyutrofili, ambazo umri wao ni mfupi, zikifuatwa na makrofaji, ambazo kazi yao ni kumeza. Na kwa kuwa hakuna chembe iwezayo kumeza kijiti cha sentimita nne, makrofaji huungana nyingi kwa pamoja zikawa jitu moja lenye viini tele, likakaa juu ya plastiki likiimwagia asidi na vimeng'enya. Na ilhali kitu hakiyeyuki wala hakiondoki, huitwa chembe za kufuma kolajeni, nazo hukivisha ala kama jambia.

Sasa, neno ninalopenda kuliweka mbele ya wasomaji ni hili: sisi huuliza daima plastiki imefanywa kwa kitu gani, ilhali chembe za kinga hutazama vilevile umbo lake, ukubwa wake, na kama imetulia au yasuguana. Harold Ridley, tabibu wa macho wa London, alitambua kwamba vipande vya akriliki vya madirisha ya ndege za vita vilikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta uvimbe mkubwa, na mwaka 1949 akatia lenzi ya polima hiyo katika jicho lililokuwa na mtoto wa jicho. Polima iyo hiyo ndiyo saruji ya kushikizia nyonga bandia katika mfupa. Na inapomeguka ikawa makombo, makrofaji huyavamia bila huruma.

John Charnley, mpasuaji wa mifupa, alilipata somo hili kwa gharama kubwa. Vikombe vya nyonga alivyovitengeneza kwa Teflon huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, vililika upesi, na vumbi lake, dogo kiasi cha kumezwa lakini lisilosagika, likazichokoza makrofaji hata wagonjwa wakaota uvimbe na mifupa ikaliwa. Bwana huyu (na hapa sijui nimsifu au nimlaumu) alijitia chembechembe za Teflon katika paja lake mwenyewe ili ajionee. Mwaka 1962 alihamia polietilini, ilikayo polepole zaidi. Lakini nayo, miaka ikizidi, vumbi lake lina madhara ya namna ile ile.

Hapa jirani, Uganda, kuna habari iliyotangazwa mwaka 2016: wanaume 302 wenye ngiri walishonewa ama wavu wa kibiashara, uliouzwa kama dola 125, ama kitambaa cha chandarua cha polietilini kilichotakaswa, cha thamani ya dola moja. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua. Wako walioona haya kusikia chandarua kinatiwa tumboni mwa mtu. Lakini makrofaji hazisomi bei. Zinalojali ni upana wa tundu la wavu, maana tundu likiwa pana nyama hupenya, na likiwa finyu makovu ya uzi huu na uzi ule huungana, wavu ukawa bamba gumu.

Hata hivyo mwaka mmoja ni muda mfupi, kwa sisi tuliosoma habari za nyonga. Hivyo nazisihi hospitali zetu zitiazo nyavu na vijiti ziandike daftarini aina ya polima, unene wa uzi na upana wa tundu, si jina la mtengenezaji peke yake, na zimwite mgonjwa tena baada ya miaka kumi, hata kama halalamiki.