Bahari Haimwagiki, Tunyooshe Picha Zetu



Mwezi uliopita tulikosa oda ya sare za harusi, nguo 12, kwa sababu ya picha. Tuliipiga abaya yetu Nungwi jioni, jua zuri, msichana kasimama vizuri, tukaiposti. Bibie aliyetaka kuagiza akatuandikia: "Mashoga zangu, mbona pindo limekwenda upande?" Pindo halikuwa na kosa, tulilipima kwa futi. Simu ndiyo tuliishika mshazari, na bahari nyuma ikainama kama maji yanataka kumwagika. Tulimweleza, hakuturudia.

Tangu hapo tunasema, na anayebisha abishe: picha ya biashara isitoke kabla ya kunyooshwa. Kwenye simu nyingi ni kazi ya nusu dakika. Fungua picha, nenda penye kuhariri, kisha penye kukata, utaona kipimo kama rula. Kisogeze pole pole mpaka mstari wa bahari na mbingu ulale sawa. Angalia mstari huo tu. Usifuate mnazi wala mlingoti wa ngalawa, na ukingo wa maji ufukweni huenda mshazari hata picha ikiwa sawa.

Ila simu ikizungusha picha, inakata pembe ili ibaki mstatili. Sisi mafundi tunalijua hili: kitambaa kilichokwenda upande hukinyooshi bila kupoteza vipande. Ukiwa umepiga karibu mno, kinachokwenda ni pindo lenyewe au ncha ya mtandio. Basi rudi nyuma hatua mbili unapopiga, na washa ile miraba ya kamera kwenye mipangilio.

Wapo dada zetu wanaosema huu ni udanganyifu, eti picha iliyoguswa si ya kweli. Hatukubaliani nao. Kunyoosha bahari ni kuirudisha alivyoiona aliyesimama pale. Tunachokiogopa ni kukoleza rangi ya kitambaa, au kumbana msichana kiuno ili nguo ionekane imekaa. Hapo mnunuzi analipia kitu tusichokishona, na pesa hiyo haina baraka. Nasi tuliwahi kuing'arisha hudhurungi mpaka ikawa dhahabu. Tulirejesha pesa, na aibu juu yake.

Ile abaya bado inaning'inia dukani, saizi 56. Anayeitaka aje na futi yake.