MBEGU HAINA KOSA, TAZAMENI MIKONO YETU

Ndugu wanaushirika,

Kwenye mkutano uliopita wengi walisimama wakasema miche ya bilinganya na nyanya chungu imekufa kwa kuwa mbegu ni mbovu. Wakataka fedha za chama zinunue mbegu nyingine za bei mbaya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kitaluni mbegu ziliota vizuri, wote tuliona. Miche ilianza kufa baada ya kuhamishwa. Sasa mbegu imekosa nini?

Tazameni tunavyong'oa. Mtu anauvuta mche, anaukung'uta mpaka mzizi unang'aa, anafunga fungu kama mchicha wa kupeleka soko la Temeke Stereo, halafu anakatiza nalo juani saa sita. Kumbe mdomo wa mche ameshauacha kitaluni!

Mizizi ile tunayoiona kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea na kupitisha maji. Wanywaji hasa ni vinyweleo, yaani vijinywele vyembamba vinavyoota nyuma kidogo ya ncha ya mzizi. Vinapenya kati ya chembe za mchanga na kufyonza maji pamoja na chakula kilichoyeyuka humo. Mwaka 1937 mtaalamu wa Marekani, Howard Dittmer, alichunguza mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, wenye miezi minne. Akakadiria vinyweleo bilioni 14, na ukubwa wa ngozi yake yote kama mita za mraba 400. Mmea mmoja tu, ndani ya sanduku la udongo!

Vinyweleo ni laini mno. Ukivuta vinakatika, jua likivipiga vinakauka. Majani nayo hayangoji, yanaendelea kupoteza maji. Mche huota vinyweleo vipya, lakini uwe hai kwanza. Mchicha haujatusumbua kwa sababu tunausia palepale unapokulia.

Na mbolea je? Fosfeti, hata ile ya Minjingu, haitembei sana udongoni. Inakaa ulipoiweka, vinyweleo ndivyo viifuate. Mche usio na vinyweleo utaumwagia mbolea bure. Samadi mbichi ya kuku ndiyo mbaya zaidi, inaunguza hata vile vilivyobaki.

Najua mtasema kubeba mche na udongo wake ni kazi nzito, na karai moja halijazi tuta. Ni kweli. Lakini kupanda mara mbili je, si kazi?

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla fedha hazijatoka, tutenge matuta mawili, mbegu ileile, maji yaleyale. La kwanza tupande kwa mtindo wetu wa siku zote. La pili tumwagilie kitalu kwanza, tuchimbe mche na udongo wake, tuufunike gunia bichi, tupande jioni na kuuwekea kivuli cha makuti siku chache. Baada ya siku 14 tuhesabu miche iliyo hai mbele ya wanachama wote, ndipo tupige kura ya mbegu.

Mwanaushirika mwenzenu.