Unapolea Pacha Huku Una Mimba

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Labda hawakumfikiria mama mwenye pacha wa miaka miwili na mimba ya miezi sita. Huyu ana kazi zote mbili kwa pamoja, na wana wenyewe ni wawili!

Ikiwa ndiwe, mpenzi msomaji, unajua mambo yalivyo. Mmoja anapanda kochi, mwenzake yuko jikoni akivuta mfuniko wa sufuria. Ukimwahi huyu, yule keshatoka nje. Ifikapo saa nne asubuhi, mgongo unauma na nguo bado zimo kwenye karai.

Kwanza, punguza mbio. Huwezi kushindana na watoto wawili, kwa hivyo tengeneza nyumba ili usilazimike kukimbia. Jiko, chupa ya chai na mafuta taa viwe mahali wasipofika. Usiache ndoo wala karai la maji sakafuni. Mtoto wa umri huo aweza kuzama katika maji machache sana. Komeo la mlango lipandishe juu.

Pili, acha kuwabeba wote wawili. Keti, waje wapande mapajani. Ikibidi kumwinua mmoja, chuchumaa, mkumbatie karibu nawe, kisha inuka kwa nguvu za miguu, si za mgongo. Nao wanapolala mchana, nawe lala kwa ubavu. Sufuria chafu hazitatoroka.

Tatu, kula. Akina mama wengi humaliza makombo ya uji wa watoto wakajiona wameshiba. Mjamzito anahitaji damu ya kumtosha yeye na aliye tumboni. Pika maharagwe, ndengu, omena, terere au managu, kisha ule na chungwa. Meza kila siku vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Usivimeze kwa chai, wala usinywe chai pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Ingoje kwa muda wa saa moja hivi.

Usiseme, "Huyu ni wa tatu, nimezoea," ukakosa kliniki. Tangu mwaka wa 2016, Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonwe mara 8, si 4 kama zamani. Ukitokwa na damu, ukiumwa sana na kichwa, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso na mikono, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, waachie jirani hao pacha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe baba, usipitishe ukurasa huu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili yenye malipo mkewe anapojifungua. Lakini usingoje hadi wakati huo. Anza jioni ya leo kuwaogesha pacha, kuwalisha na kuwalaza. Watalia siku mbili tatu wakimtaka mama, kisha watazoea. Usiku ambao mama yao atakimbizwa hospitalini kujifungua, watakuwa na mtu wanayemjua wa kuwafunika blanketi.