Mmea Upimao Maji na Deni la Wanakiswahili

Katika vilima vya Masimba, kama ilivyo kwingi Kisii na Nyamira, mkulima huujua mto wake kwa macho. Msimu wa kahawa ukifika, maji ya kijito hubadilika rangi na kutoa harufu, naye hutambua kuwa viwanda vya kumenyea buni vimeanza kazi. Asichokuwa nacho ni ushahidi. Makala hii inashikilia kwamba ushahidi huo waweza kutolewa na mmea mdogo, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni katika jambo hili.

Wagusii walianza kukuza kahawa katika miaka ya 1930. Buni zinapomenywa na kuoshwa, utelezi wake wenye sukari huingia majini. Ukichacha, maji huwa na asidi, na vijidudu vinavyouozesha humaliza oksijeni inayotegemewa na samaki. Maji ya vijito vingi vya nyanda hizi hupokewa na mto Gucha, uendao kuingia Ziwa Victoria. Uchafu wa mlimani basi hauishii mlimani.

Mmea ninaouzungumzia wanasayansi huuita Lemna. Vijani vyake ni vidogo kama dengu, navyo huelea juu ya maji yaliyotulia. Huwekwa katika vyombo vyenye maji ya kiwandani yaliyozimuliwa kwa viwango tofauti, na katika chombo kingine chenye maji safi na virutubishi. Baada ya siku 7 vijani huhesabiwa. Katika chombo safi hutarajiwa kuongezeka takribani mara 7; vikidumaa au kugeuka manjano kwingineko, maji yale yana madhara. Utaratibu huu ulisanifiwa na shirika la ISO mwaka wa 2005 na OECD mwaka wa 2006.

Kweli, mmea hautaji jina la sumu, na maabara hayaepukiki. Hata hivyo, kipimo cha kikemia hujibu lile tu lililoulizwa, ilhali mmea hujibu mchanganyiko wote. Isitoshe, jibu lake husomwa hata na asiyesomea kemia.

Hapa ndipo penye deni letu. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka wa 2006 ziliandikwa kwa Kiingereza, na miongozo ya kipimo hiki vivyo hivyo. Lakini Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haki isiyoelezeka kwa lugha ya mwenyewe ni haki ya nani?

Wapo watakaodai kuwa istilahi hazitoshi. Dai hili halina mashiko. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Na mmea wa kigeni ulipolivamia Ziwa Victoria, ulipata jina la gugumaji, likaeleweka na profesa na mvuvi.

Chama chetu kishirikiane na wenzetu wa sayansi, kiandike mwongozo wa kurasa chache, kisha kiupeleke Masimba ukasomwe kandokando ya kijito. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Anayeona mto wake ukifa na asiweze kusema, atazaa nini?