MICHEZO NA AFYA: Mkimbiaji na Hesabu ya Pumzi

Juma hili twataka kusema na vijana wa Kisii na Nyamira, pamoja na wazazi wao, juu ya ustadi wa mbio ndefu. Twajua kwamba wako watakaosema, "Mbio hazifundishwi, mwenye miguu hukimbia." Maneno hayo yamesikiwa sana katika milima hii, nayo yamewadhuru vijana wengi. Kijana aliyeambiwa kwamba mbio ni kipawa tu, akishindwa mara ya kwanza hudhani kuwa hakupewa kipawa hicho, akaacha. Na yule aliyeshinda mara ya kwanza hudhani kuwa hana haja ya kujifunza, hata siku moja akapitwa na mwenziwe aliyejifunza. Hivyo wote wawili hupotea, mmoja kwa kukata tamaa na mwingine kwa majivuno.

Na tuangalie habari za Bwana Nyandika Maiyoro, aliyekuwa wa kwanza kulifikisha jina la Kisii katika viwanja vya Ulaya. Mwezi wa Julai mwaka 1954 alikimbia maili tatu katika uwanja wa White City, London, bila viatu. Baragumu za sifa hazikuwa zimempigia bado, na watazamaji hawakumjua. Mara tu mbio zilipoanza alitoka kwa kasi kubwa, akawaacha Waingereza nyuma kwa yadi nyingi, hata watu wakastaajabu. Lakini wale waliokuwa nyuma walikuwa na hesabu yao. Walimfikia, wakampita, na mwisho Freddie Green na Chris Chataway walimaliza kwa wakati mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, wakavunja rekodi ya dunia. Maiyoro alikuwa wa tatu. Kasi yake ya mwanzo iliwasaidia wengine kuivunja rekodi hiyo.

Je, Maiyoro alikata tamaa? Hasha! Majuma machache baadaye alikuwa wa nne huko Vancouver, katika Michezo ya Jumuiya. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya Melbourne, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960 huko Roma alikuwa wa sita. Miguu ilikuwa ni ile ile, na milima aliyotoka ni ile ile. Kilichoongezeka ni maarifa ya kuigawanya nguvu yake.

Tena tumtazame Naftali Temu, mwana wa Nyamira. Mwaka 1964 huko Tokyo alikuwa mtu wa 49 katika Marathoni. Kama angekuwa miongoni mwa wale wanaosema kuwa mbio ni kipawa tu, angerudi nyumbani akakaa. Yeye alirudi mazoezini. Mwaka 1966 huko Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, naye Clarke wakati huo ndiye aliyeshika rekodi ya dunia. Kisha, tarehe 13 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico ulio juu ya bahari kwa mita 2,240, alikimbia mita 10,000. Wakimbiaji walianza kwa uangalifu kwa sababu ya wepesi wa hewa. Mamo Wolde wa Ethiopia alitangulia katika mzunguko wa mwisho, naye Temu alikuwa ameweka akiba. Akamfikia karibu na mwisho, akampita, akamaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Tofauti kati yao ilikuwa sekunde 0.6 tu. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya Kenya.

Msomaji atauliza, "Akiba hiyo huwekwaje?" Hapo ndipo penye somo letu.

Karani apokeaye mshahara wake mwisho wa mwezi hawezi kuutumia wote katika juma la kwanza, asije akala madeni. Mkulima naye hauzi mahindi yote siku ya kuvuna. Pumzi ya mkimbiaji ni kama mshahara huo na mahindi hayo. Basi jaribu hivi: nenda na rafiki yako mwenye saa katika uwanja wa shule. Zunguka uwanja mara sita, naye aandike katika karatasi wakati wa kila mzunguko. Vijana wengi wataona kuwa mzunguko wa kwanza ni wa haraka mno, na wa tano ni wa kujikokota. Rudia zoezi hilo kila juma, hata mizunguko yote ikaribiane, na wa mwisho uwe ndio wa haraka kuliko yote. Yobes Ondieki, ambaye pia ni mtu wa Kisii, alipokuwa mwanadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, huko Oslo tarehe 10 Julai 1993, alitumia dakika 26 na sekunde 58.38. Ukigawanya kwa mizunguko 25, kila mzunguko ni sekunde 64 na robo tatu hivi. Kazi kama hiyo haifanywi kwa kukurupuka.

Jambo la pili ni hatua. Usirushe mguu mbele sana, kwani mguu unaotua mbele ya mwili ni kama breki ya baiskeli. Mguu na utue chini ya mwili, kwa wepesi, bila kishindo. Mabega yalegee, viwiko vikunjwe, mikono iende mbele na nyuma bila kuvuka kifua, na macho yatazame mbele. Apandaye mlima afupishe hatua na kutumia mikono zaidi. Ashukaye asijiachilie kama gunia lililoanguka kutoka katika lori. Katika kuteremka ndiko misuli ya mapaja na magoti huumia sana, na hasa katika njia zetu za udongo mwekundu baada ya mvua.

Jambo la tatu ni mpango wa juma. Kwa kuwa huku kwetu mvua hunyesha sana alasiri, asubuhi na mapema ndiyo saa njema. Anayeanza na ashike mpango huu:

Siku tatu katika juma, akimbie polepole kwa dakika 30 hadi 40. Polepole maana yake ni kwamba aweza kuzungumza na mwenzake bila kutweta. Akishindwa kusema, anakwenda kasi mno.

Siku moja, akimbie kwa nguvu dakika mbili, kisha atembee dakika mbili, na arudie mara sita.

Siku moja, apande kilima kisicho kirefu mara sita au nane, na kila mara ashuke kwa kutembea.

Siku moja afanye viungo: kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kamba, na kuimarisha tumbo na mgongo.

Siku inayosalia ni ya kupumzika. Kwa Wasabato, ambao ni wengi kwetu, Jumamosi yafaa. Kwa wengine, Jumapili. Asidhani mtu kuwa siku hiyo imepotea. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika, kama vile shamba linyonyavyo mvua baada ya kulimwa.

Kabla ya kila zoezi, atembee na kukimbia taratibu kwa dakika kumi ili mwili upate joto. Na akiona maumivu mahali pamoja katika muundi au kifundo cha mguu, maumivu ambayo huzidi kila akikimbia, aache kwa siku kadhaa, na yasipotulia aende hospitali. Kulazimisha mguu mgonjwa si ushujaa.

Juu ya chakula hatuna maneno mengi, kwa maana Mungu ametujalia. Ugali wa wimbi, maharagwe, maziwa, ndizi, mayai na mboga ya chinsaga vyatosha kumjenga kijana. Na usingizi wa saa nane ni bora kuliko chupa yoyote ya dawa.

Tumetaja dawa, basi tuseme wazi. Wako watu wanaowaendea vijana wenye tamaa ya fedha za mashindano, wakiwapa sindano na vidonge vya kuongeza nguvu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kupinga dawa hizo, na adhabu ya kawaida kwa mkimbiaji aliyezitumia kwa makusudi ni kufungiwa miaka minne. Miaka minne katika ujana wa mkimbiaji ni karibu maisha yote ya mchezo wake. Tena dawa hizo zaweza kuudhuru moyo na damu. Kijana akipewa dawa na mtu asiye daktari, na aikatae, hata kama mtu huyo ni mjomba wake.

Neno letu la mwisho ni kwa wazazi. Mashamba yetu yamekuwa madogo kwa kugawanywa, na ni haki kwa kijana kutafuta njia nyingine ya kupata riziki. Lakini msimtoe mtoto shuleni kwa sababu amewashinda wenzake katika mashindano. Wengi huanza mbio, na ni wachache wanaofika Oslo. Saa moja ya alfajiri haimzuii mtoto kwenda darasani, na anayejua kusoma na kuhesabu ndiye atakayeweza kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Mwacheni akimbie na asome pia.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijana atakayeanza kesho asubuhi kwa dakika 30 za polepole, akaandika wakati wake katika daftari kila juma, baada ya miezi mitatu atayasoma maendeleo yake mwenyewe kwa mwandiko wake. Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kupima na kuchora duara la mita 400 katika uwanja wa shule kwa kamba na vigingi.